Mikono Mizuri ya Iok-beng

Ua la nargisi halimfai mwenye mkono wa woga. Tunguu lake likiachwa zima ndani ya bakuli la maji, huota majani marefu yanayolaliana kama walevi. Sharti lichongwe: maganda yabanduliwe, ukingo wa kila jani upunguzwe kwa ncha ya kisu ili lijikunje, na chipukizi la ua lililojificha katikati lisiguswe kamwe. Utomvu wake huwasha kama upupu, na maji ya mwezi wa mwisho wa mwaka mjini Zhangzhou huuma hadi mfupani.

Tan Siok-gim aliijua kazi hiyo kama ajuavyo kiganja chake. Alikuwa mjane mwenye duka dogo la maua, na kila mwaka mpya mabakuli yaliyopamba ukumbi wa kuwaenzi wahenga wa ukoo wa mumewe, ukoo wa Khu, yalitoka mikononi mwake. Aliyeaminiwa na wahenga aliaminiwa na mji mzima. Bila ukumbi, duka lake lisingekuwa duka.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Iok-beng, mboni ya jicho lake. Alipofikia umri wa kushika kisu, mama alimkalisha kando ya beseni. Tunguu la kwanza halijaisha, vidole vilikuwa vimevimba na machozi yanamdondoka.

"Mama, yanawasha."

"Lete hapa, roho yangu. Nenda kaote moto."

Ikawa hivyo msimu baada ya msimu. Shemeji yake, Khu Thian-lok, mwenye duka la maua upande wa pili wa mtaa, alimwomba ampe mtoto amfundishe pamoja na binti yake, Kim-lian. Alisema hata yeye mwenyewe utotoni alilia sana kabla mkono haujaizoea kazi. Siok-gim akamjibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

"Basi mfunge kwenye pamba, shemeji," Thian-lok alisema. "Ila pamba haichongi."

Iok-beng akawa kijana mchangamfu, hodari wa kufunga mashada na kupiga soga na wateja. Ndipo ukungu ulipotanda machoni mwa mama yake. Mwaka ambao ufalme ulianguka na wanaume wakakata misuko yao ya nywele, Siok-gim hakuweza tena kutofautisha jani na ua. Thian-lok alijitolea kumleta Kim-lian awasaidie, lakini mjane alikataa katakata. Mama na mwana wakaketi mbele ya beseni.

"Nikate hapa, mama?"

"Hapa wapi?"

"Hapa pembeni."

"Pembeni pa jani au pa ua?"

Kisu kikasita. "Mimi nitajuaje?"

Mama alimshika mkono amwongoze, lakini mwenyewe hakuona kisu kinapopita. Matunguu mengine kijana aliyapasua moyo. Mengine, kwa hofu, aliyakwaruza ngozi tu. Mwishowe akakiweka kisu chini.

"Kila nilipolia ulininyang'anya kisu," alisema taratibu. "Leo unanidai mkono ambao hukuniacha niupate."

Siok-gim akapapasa beseni, akaanza kuokota maganda.

Matunguu yaliyopasuliwa yalioza. Yaliyosalia yalitoa majani matupu, marefu kama ya vitunguu vya bustanini. Wazee wa ukoo walikuja, wakatazama, wakamshukuru mjane kwa miaka yake yote, kisha wakavuka mtaa kwenda kwa Thian-lok. Iok-beng hakustahimili macho ya majirani. Kabla ya mwaka mpya alijiandikisha kwa mawakala waliokuwa wakipeleka vijana Malaya kuchimba bati.

Asubuhi ya mwaka mpya, Siok-gim alipapasa njia hadi ukumbini. Maua hakuyaona, lakini harufu yake ilimpokea mlangoni. Kim-lian alimshika mkono ili amfikishe mbele ya wahenga. Mjane akasimama, akavipapasa vidole vya binti yule: vigumu, vyenye makovu, vimechanikachanika.

"Niwie radhi, mama mkubwa," Kim-lian alisema kwa aibu. "Mikono yangu mibaya."

"Si mibaya," Siok-gim alijibu. "Mizuri ni ya mwanangu, nayo imekwenda kuchimba bati."

Akapiga magoti palepale, mbele ya ukoo mzima, akalia, na hapakuwa na wa kumwambia akaote moto. Kweli, mchelea mwana kulia hulia yeye.