Bi Kakakuona na Vigae Alivyovifukia

Paukwa!

Pakawa!

Walioketi nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Vyema. Zamani za kale, kabla kalenda haijatundikwa ukutani, kila mwaka ulikuwa na jina lake. Huu ninaousimulia uliitwa Mwaka wa Nzige Wachache, nao ulitanguliwa na Mwaka wa Mto Kuhama. Atakayebisha na abishe, lakini tarehe ni tarehe.

Mwaka huo, wanyama wa Bonde la Msasa walikuwa na gulio kando ya kisima, kila mwezi ulipoandama. Karibu na kisima palikuwa na jiwe bapa, na hapo ndipo kila mfanyabiashara alipotaka kupanga bidhaa zake, kwa maana hakuna mwenye kiu ambaye hakupita hapo. Lakini jiwe hilo lilikuwa na sharti. Aliyelitaka alisimama juu yake mbele ya wote, akatamka ahadi. Akiitimiza, jiwe ni lake. Akipungukiwa, alipaswa kupanda tena juu ya jiwe na kuutaja upungufu wake kwa kinywa chake mwenyewe. Akiutaja, aliongezewa muda hadi Gulio Kuu la Kiangazi. Akinyamaza, jiwe lilipewa mwingine.

Basi, palikuwa na mfinyanzi, Bi Kakakuona. Siku hizo mgongo wake ulikuwa laini, hauna hata gamba moja. Alikuwa hodari wa kuchimba udongo, na hodari zaidi wa kuusafisha. Aliuchekecha, akauchekecha, akauchekecha tena, mpaka ukawa laini kama unga. Punje ya mchanga ikionekana, aliitoa kwa ukucha. Alisema udongo wake hauna doa, na kwa hilo alijivuna.

Mwanzo wa masika alipanda juu ya jiwe.

"Kiangazi kijacho," alisema, "kila mlango wa bonde hili utakuwa na mtungi wangu. Mitungi nitaileta Gulio la Mavuno."

Wanyama wakapiga vigelegele. Bwana Kiboko, mkuu wa gulio, akaipokea ahadi. Mmoja tu hakushangilia, naye ni Tumbili, muuza vibuyu, ambaye alilitamani jiwe lile tangu Mwaka wa Mto Kuhama.

Bi Kakakuona akafinyanga. Asubuhi anafinyanga, adhuhuri anafinyanga, jioni anafinyanga. Akaianika mitungi kivulini hadi ikakauka. Akaipanga, akaifunika kwa kuni na nyasi, akawasha moto. Akaketi kusubiri.

Pa!

Akainua kichwa.

Pa! Pa! Ta-pa! Pa!

Moto ulipozimika, uwanja wote ulikuwa vigae. Mitungi mizima ilikuwa michache sana, hata familia moja ya ngiri isingetosheka nayo. Na mmoja kati ya hiyo ulikuwa na sura mbaya, mzito, wa kijivu. Aliufinyanga mwishoni kwa haraka, kwa udongo uliomwagika uani ukazolewa pamoja na takataka. Akauficha nyuma ya nyumba.

Kisha, kabla majirani hawajaja kuona, akachimba shimo. Akavifukia vigae vyote, akashindilia juu yake. Akaingia nyumbani mwake, akajikunja. Kichwa tumboni, mkia juu ya kichwa. Akawa mviringo.

Gulio la Mavuno likafika, na yeye bado mviringo.

Jirani yake, Mzee Kobe, alikuja akagonga.

"Hodi, jirani."

"Sipo."

"Na huyu anayeniambia hayupo ni nani?"

Mzee Kobe akamweleza kwamba Tumbili amekwisha kuanza kupanga vibuyu juu ya jiwe, na anawaambia watu kwamba mfinyanzi amehama bonde. Bi Kakakuona akajibu kutoka ndani ya tumbo lake kwamba heri wadhani amehama, kuliko kumwona.

"Bibi," alisema Mzee Kobe, "katika habari za kujificha mimi ndiye fundi. Nyumba ninayo mgongoni. Lakini hata mimi hutoka, kwa sababu humu ndani majani hayaoti. Toka ukaseme. Neno moja tu. Ukishalisema utarudi ujikunje hadi kiangazi, mimi mwenyewe nitakuletea kumbikumbi."

Kidogo kidogo mkia ukashuka. Kidogo kidogo kichwa kikatoka.

Walifika jua likiwa limekaribia kutua. Tumbili alipowaona, aliwaita wenzake waje wamtazame Bibi Mitungi asiye na mitungi. Akauliza kama milango yote aliyoahidi ilikuwa milango ya siafu. Watu wakacheka. Bi Kakakuona akatetemeka, lakini akapanda.

"Nimepungukiwa," alisema. "Milango karibu yote bado. Ninaomba hadi kiangazi."

Bwana Kiboko akakoroma, akasema sharti limetimizwa, vibuyu viteremshwe. Tumbili akaviteremsha kimoja kimoja, polepole, akinung'unika kwamba kiangazi si mbali.

Njiani kurudi, Bi Kakakuona hakuwa na furaha. Muda alikuwa nao, lakini dawa ya nyufa hakuwa nayo. Akachekecha udongo kwa bidii zaidi, na mtungi wa kujaribia ukapasuka. Akauchekecha mara nyingine. Ukapasuka vilevile.

Siku hiyo Mzee Kobe alikuwa amekuja kuomba chombo cha kutekea maji. Alipozunguka nyuma ya nyumba aliuona ule mtungi wenye sura mbaya, akauweka mgongoni, akaondoka nao. Penye mteremko akateleza. Mtungi ukaruka, ukaangukia mwamba.

Ngooo!

Haukupasuka.

Bi Kakakuona akatoka mbio. Akauokota, akaugonga. Ngooo. Akaukwangua kwa ukucha, akautazama kwa karibu sana. Ndani ya udongo mlikuwa na vipande vidogo vyekundu. Vilikuwa vigae vya zamani vya uani, vilivyokanyagwa hadi vikasagika.

Akauweka chini. Akasimama. Kumbe udongo wake uliposafishwa kupita kiasi ulishikana mno. Moto ulipoupata haukuwa na mahali pa kupumulia. Vigae vilikwisha kuujua moto. Vikiwamo ndani, udongo mbichi hustahimili.

"Mzee Kobe," alisema, "niletee mchi. Mimi nakwenda kufukua aibu yangu."

Akalichimba lile shimo. Vigae alivyovificha akavitoa vyote hadharani, majirani wakitazama. Akavibeba mgongoni, akavitwanga. Nisaidieni hapa, watoto kwa wakubwa.

Twanga!

Pu!

Twanga!

Pu!

Twanga aibu!

Pu! Pu! Pu!

Mnadhani alifaulu mara ile? Hakufaulu. Kwa hamu yake alitia unga wa vigae mwingi mno, na mitungi ikatoka moto ikimomonyoka kama mkate mkavu. Bi Kakakuona akaitazama. Kichwa kikaanza kuelekea tumboni. Mkia ukaanza kuinuka. Akafika nusu ya mviringo.

Akajikunjua.

"Hii nayo itatwangwa," alisema. Akapunguza unga, akaongeza udongo, akafinyanga upya. Akaianika, akaipanga, akawasha moto. Bonde zima likaja kusikiliza. Hata Tumbili alikuja, akakaa kwenye tawi, mkono sikioni.

Kimya.

Kuni zikalia, nyasi zikalia. Mitungi haikulia.

Kimya.

Moto ukazimika. Majivu yakaondolewa. Mitungi ilisimama yote, myekundu kwa myekundu, mizima kwa mizima.

Gulio Kuu la Kiangazi lilifanyika mwezi mchanga wa mwisho wa Mwaka wa Nzige Wachache. Vidimbwi vilikuwa vimekauka. Mitungi ikashushwa: mlango wa ngiri, mtungi, mlango wa nungunungu, mtungi, mlango wa pimbi kule majabalini, mtungi. Ikapita mikononi mpaka ukabaki mmoja. Bi Kakakuona akaushika, akamwendea Tumbili, akamwambia kwamba vibuyu ni vizuri kwa safari, lakini maji ya nyumbani hukaa baridi zaidi mtungini.

Tumbili akaupokea. Akaugonga, ukalia vizuri. Hapo macho yake yakang'aa.

"Bwana Mkubwa," alimwambia Kiboko, "alisema kila mlango. Na mlango wake mwenyewe je?"

Bwana Kiboko akamgeukia mfinyanzi. Lakini mfinyanzi alikuwa amekwisha kupanda juu ya jiwe, bila kuitwa, bila kutetemeka.

"Nimepungukiwa," alisema. "Mlango mmoja bado, nao ni wangu. Udongo nimeuloweka tangu asubuhi."

Bwana Kiboko alicheka hata maji ya kisima yakatikisika. Akasema sharti linamruhusu mtu awe na deni kwa mlango wake mwenyewe, na kwamba jiwe ni la Bi Kakakuona tangu siku hiyo. Vigelegele vikapanda hadi majabalini. Mzee Kobe alicheza ngoma, na mnajua Kobe akicheza huchukua muda kuona kwamba anacheza.

Na Bi Kakakuona hakushuka. Aliinua mkono, wakanyamaza.

"Mwaka ujao," alisema, "kila mlango wa bonde hili, na wa bonde la pili."

Vigae vilivyomgandia mgongoni siku zile za kubeba na kutwanga hakuvibandua kamwe. Ndiyo yale magamba mnayoyaona juu yake hadi leo. Bado hujikunja akishtuka, lakini mkimsubiri kidogo, hujikunjua akaendelea na safari yake.

Mafunzo yake ni haya. Anayelenga mbali atapungukiwa, na kupungukiwa si mwisho wa kazi. Usiufukie upungufu wako. Utaje, uufukue, uutwange, uuchanganye na kazi ya kesho. Humo ndimo nguvu ya mtungi inamotoka.

Hapa ndipo ninapoitua hadithi yangu, imejaa maji. Mwenye kiu na achote.