Watatu Walioifundisha Mashine Kukiri

Haya, sogezeni viti niwape kesi. Haina sungura wala fisi. Ina tangi la maziwa, kompyuta moja, na vijana watatu wenye digrii wanaogombea ajira moja. Mwishoni mtanisaidia kuamua, maana mimi nimeshindwa.

Kulikuwa na ushirika wa maziwa huko Rungwe, kwenye baridi na migomba. Jina nalificha, bado natuma maombi ya kazi kule. Vijana watatu walikuwa wanajitolea pale. Kujitolea, kwa msiojua, ni kazi kamili ukiondoa mshahara. Maofisini wanaiita "gaining experience", wakitabasamu.

Wa kwanza ni Tumpale, na kipaji chake ni kutoamini. Ukimwambia mlango umefungwa, atanyanyuka akausukume mwenyewe.

Wa pili ni Gwakisa, mtu wa maneno. Alimweleza bibi yake intaneti ni nini, na bibi akauliza swali la maana.

Wa tatu, Lwitiko, aliwaza mabaya kwa niaba ya kila mtu. Ukimwalika harusini, anatafuta kwanza mlango wa kutokea.

Walipanga vyumba mtaa mmoja, wakapika jiko moja, na wakasemana kutwa kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa, ile kompyuta. Ndiyo iliyoongoza kipoza maziwa. Rungwe umeme hukatika mvua ikifikiria tu kunyesha, na ukirudi, kompyuta huamka na kusoma skripti, yaani orodha ya maagizo: washa kisoma joto, washa kipoza, toa taarifa. Skripti hiyo aliiandika Mzee Mwakipesile, fundi aliyestaafu, muungwana kupita kiasi. Mnajua tulivyo. Mtu akikuuliza habari za asubuhi unajibu "nzuri" kwanza. Kama nyumba imeungua, utaitaja baada ya chai. Mzee aliifundisha mashine adabu hiyo hiyo. Mstari wa kwanza kabisa ulituma ujumbe kwa simu: "Salama." Halafu ndiyo ikaanza kuwasha vitu. Kimoja kikigoma, inakiruka, inaendelea na kingine, na mwisho inatoka na exit 0, sifuri, ambayo kwa kompyuta maana yake ni "sina shida yoyote". Wenye digrii tunaijua sauti hiyo. We will keep your CV on file.

Siku moja mwezi Machi mashine ilisema Salama, kumbe kipoza kimelala siku nzima. Lita elfu mbili zikachacha, zikamwagwa mbele ya akina mama walioamka alfajiri kukamua.

Mama Sekela, mwenyekiti, akawaita vijana. "Wanangu, ajira ni moja. Itengenezeni hiyo mashine, ndipo nitajua wa kumbakiza. Maziwa yakimwagwa tena, hakuna atakayebaki, na mimi nitaondoka pamoja nanyi."

Tumpale akaanza. Ile Salama akaing'oa juu, akaipeleka mstari wa mwisho. Baada ya kila agizo akaweka swali: umefanya? Nionyeshe. Kisoma joto hakiaminiwi mpaka kitaje joto. Kikishindwa, skripti isimame papo hapo, itoke na moja badala ya sifuri. Mzee Mwakipesile alipoonyeshwa alisikitika kweli.

"Mwanangu, mashine ndiyo kwanza inaamka, unaihoji kama polisi?"

"Shikamoo, babu. Naihoji ili wewe usihojiwe."

Gwakisa akaitazama kazi ile, akacheka. "Dada, mashine yako inakataa halafu inanuna. Moja, moja, ndiyo nini? Subilaga ataelewa?" Subilaga ndiye mpokea maziwa, na kompyuta aliigusa kuandika majina ya wafugaji tu. Gwakisa akakaa naye siku tatu, akimsomea sentensi na kuzifuta kila alipokunja uso. Mwishowe kila kosa likawa na ujumbe wake wa simu: nini kimeshindikana, kwa nini, na ubonyeze wapi.

Lwitiko alisoma kazi za wenzake mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na maziwa yenyewe, wakati huyu anagoma na huyu anaandika barua, yanafanya nini?"

Akaongeza mistari kumi na moja: skripti ikisimama mahali popote, izime vitu ilivyoviwasha nusunusu, na ikabidhi kipoza kwa swichi ya zamani ya ukutani, iliyokuwepo kabla ya kompyuta. Swichi hiyo inapoza kwa kukisia. Ukiiachia zaidi ya saa moja inagandisha maziwa na kuyaharibu. Ila saa moja inavumilika.

Jumapili moja kulikuwa na msiba kijiji cha jirani, na Rungwe msibani hutumi mwakilishi, mnaenda nyote. Tangi lilikuwa limejaa. Umeme ukakatika, ukarudi saa nane mchana. Kompyuta ikaamka.

Kisoma joto kina desturi ya kuweka faili la kufuli kinapokuwa kazini, ili kisiwashwe mara mbili. Umeme ulipokatika ghafla, faili lile lilibaki. Kilipoamka kikaliona, kikaamini kwamba tayari kiko kazini, kikarudi kulala.

Skripti ikakiuliza joto ni ngapi, ikakosa jibu, ikasimama. Mistari ya Lwitiko ikakishika kipoza, ikakipeleka kwenye swichi ya ukutani. Na kule msibani simu ya Subilaga ikatetemeka: "Subilaga, kisoma joto hakijawaka, kimekuta kufuli la zamani. Una dakika sitini. Nenda kwenye kompyuta, bonyeza 4 kufuta kufuli, kisha bonyeza 1 kuwasha upya."

Akatembea dakika arobaini, tope hadi vifundoni. Akabonyeza. Joto likajitokeza: nyuzi nne. Halikumwagwa hata tone.

Jumatatu Mama Sekela akaweka fomu ya ajira mezani. "Nani aliyeyaokoa?"

"Bila mimi kosa lisingeonekana," Tumpale akasema. "Gwakisa angetuma ujumbe gani, wa pole?"

"Na bila mimi," Gwakisa akasema, "mashine ingebaki chumbani inajua ukweli na haizungumzi na mtu. Kama Tumpale akikasirika."

Lwitiko akakuna shingo. "Mimi nitoeni. Mpeni mmoja wa hawa."

Tumpale akamgeukia. "Usijitie utakatifu hapa. Mama yako ameshaanza kuuliza kama chuo ulisoma kweli. Bila wewe Subilaga angekuta mtindi. Sema ulichofanya."

"Nilikaa na maziwa," Lwitiko akasema taratibu. "Nyie mliita watu. Mimi nilikaa nayo mpaka wakafika."

Mama Sekela akamtazama Subilaga mlangoni. "Na wewe?"

"Mimi kazi ninayo, Mama. Msiniingize."

"Nikiandika majina matatu, bodi ya ushirika inafuta nafasi," akasema Mama Sekela. "Nisipoandika leo, wanaifuta pia."

Wale watatu wakakaa kwenye benchi, mabega yanagusana, kila mmoja anatazama sakafu. Gwakisa akamnong'oneza Tumpale kitu, Tumpale akampiga kiwiko, na Lwitiko akacheka bila kutaka. Wawili kati yao watafungasha na kurudi kwao wakaelezee tena kwa nini hawana kazi.

Na nyie msiniambie "inategemea". Inategemea nimeisikia kwenye interview kumi na moja. Mmoja aliizuia mashine kudanganya, mmoja akaifanya ieleweke, mmoja akayalinda maziwa mpaka mtu afike. Mama Sekela amenyanyua kalamu. Ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki kwenye benchi, ungewaambia nini usoni?