Bwana Faki Apima Mnara

Paliondokea mnara wa matofali ulioinama, na kivulini mwake Mwanaate alikaanga vitumbua. Tajiri Faki alitaka uvunjwe ajenge ghala, akamwapia liwali kwamba haukawii kuanguka.

"Upimwe kwanza kwa timazi, ule uzi wenye risasi nchani," Mwanaate alisema liwali alipofika kuukagua. "Na kwa desturi ya waashi, mwenye shaka ndiye ashikaye uzi juu. Au unaogopa, bwana wangu?"

Faki alicheka. Alipanda ngazi iliyoegemezwa mnarani hadi kileleni, akateremsha uzi, na risasi yake ikaning'inia mbali na msingi.

"Mwaona ulivyoinama?"

"Twaona. Kweli utaanguka." Mwanaate aliiondoa ngazi, akailaza chini.

"We mwanamke, rudisha ngazi."

"Niiegemeze wapi? Kwenye mnara unaoanguka? Nitamjibu nini mkeo?"

Jua la adhuhuri likamchoma Faki utosini. Liwali alikuwa akimalizia kitumbua cha pili sauti iliposhuka kutoka juu:

"Liwali, mnara huu ni mzima. Umeinama tu, kama ulivyoinama enzi za babu yangu."

"Apa," Mwanaate alisema.

"Wallahi."

"Na ukipata ufa?"

"Nitauziba kwa chokaa yangu mwenyewe."

"Hapo sasa," Mwanaate alisema, akainama kuinua ngazi.