Aliyeshika Tope

Sogeeni karibu. Nina kesi isiyo na hakimu, na mahakimu ni ninyi.

Kule milima ya Upare waliishi watu watatu wenye vipaji. Namkunda, mkulima wa tangawizi, alikuwa na sikio: ukimsimulia karamu, yeye huuliza nani alipika. Fundi Mbonea, mshona nguo, alikuwa na kumbukumbu: wimbo ukimwingia mara moja, hautoki. Naye Mwalimu Senzota alikuwa na kalamu tamu, hata barua yake ya kukataa mwaliko ilipendeza.

Mwaka huo kijiji kizima, wake kwa waume, kilifukua upya ndiva, lile bwawa la kale la kukusanyia maji ya mfereji. Kamati ikamwomba Mwalimu aandike sheria ya zamani ya maji, ili zamu zipangwe kwa kuifuata. Siku ya mkutano akasoma kwa madaha: "Wanaume walichimba ndiva, wake zao wakiwasaidia. Kwa hiyo kila mwanamume aliyechimba alipata zamu."

Makofi yakapigwa. Namkunda hakupiga. Hakuwa na mume, shamba lilikuwa lake mwenyewe, na bila zamu tangawizi yake ingekauka. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Mwalimu. Hao wake walisaidia kufanya nini?"

"Marahaba. Walisaidia kuchimba."

"Kumbe! Mwenye ndevu akichimba, amechimba. Asiye nazo akichimba, amesaidia?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa kamati hakucheka. "Sheria ni sheria, binti. Una ushahidi gani?"

Hakuwa nao. Sikio lilimwambia kuna watu wameachwa nje, basi.

Hapo Fundi Mbonea akakohoa. Bibi yake alimwachia wimbo wa msaragambo, ule wa kuchimbia pamoja, na enzi ambazo hakuna aliyeandika, wimbo ndio uliokuwa sheria. Akauimba: "Aliyeshika tope, na ashike maji! Aliyebaki nyumbani, na angoje mvua!" Kina mama wakaupokea, vumbi likatimka.

"Miaka yote naimba nikishona," akasema, "sikujua kumbe naimba sheria!"

Macho yote yakamgeukia Mwalimu. Mwenyekiti akamnong'oneza, "Yaache kama ulivyoyaandika, usijiaibishe." Mwalimu akatoa kalamu, akaikata mistari yake mbele ya kijiji, akaandika mingine, akasoma: "Wanawake na wanaume walichimba ndiva. Kila aliyechimba alipata zamu." Kisha akaongeza, "Sheria haikumwacha mtu nje. Niliyewaacha ni mimi."

Kamati ikapitisha. Namkunda akalia kwa furaha, na vigelegele vikavuka bonde.

Sasa, desturi ni kwamba ndiva hufunguliwa na mkono mmoja tu, na mwenye mkono huo maji huanzia shambani kwake. Wanakijiji wakataka aliyeiokoa sheria ndiye afungue.

"Nisingeuliza, mngekuwa bado mnapiga makofi," Namkunda akatamba.

"Nami nisingeimba, ungebaki na swali lako," Fundi akamtania.

"Nisingekata mistari yangu," akasema Mwalimu, "wimbo ungeishia hewani."

Ndiva imejaa pomoni. Sheria inasema aliyeshika tope ashike maji, nao wote watatu bado wana tope kuchani.

Je, wewe ungemwambia nani afungue?