Sauti Ipitayo kwa Jirani

Sauti ipitayo kwa jirani hufika nusu.

Mmeyasikia maneno hayo leo kwenye kikao cha maji, Mama Sekela alipomkatalia katibu asimsemee, na nyote mkageuka kuniangalia kana kwamba nimeyatunga mimi. Sikuyatunga. Lakini nilikuwapo yalipotamkwa mara ya kwanza, tena niliambiwa mimi, na si kwa kunisifu. Kaeni niwaeleze yalikotokea, maana hapa Tukuyu wapo wanaodhani ni ya wahenga, kumbe aliyeyasema yu hai na hajafika hata miaka arobaini.

Dada yangu ana binti aitwaye Tumpe. Alikuwa mwaka wa pili chuoni Mbeya, akisomea mambo ya kompyuta, macho yalipoanza kumsumbua. Ilikuwa presha ya macho, na tulipofika hospitali kubwa tukaambiwa tumechelewa. Kabla masika hayajaisha alikuwa haoni hata mwanga wa dirishani. Akarudi nyumbani na begi la nguo na kompyuta yake ya gemu, ile ya mezani aliyoiunda mwenyewe kipande kwa kipande.

Watu walikuja kutoa pole mwezi mzima. Walimuuliza mama yake, Tumpe akiwa amekaa pale pale, kama binti anakula na kama usingizi anaupata. Tumpe alijibu kwamba anakula na analala vizuri. Wao wakaitikia, kisha wakaendelea kumuuliza mama yake. Nasema wao, lakini na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Kulikuwa na gemu moja aliyoipenda tangu chuoni. Wachezaji wawili wanawindana ndani ya jumba kubwa lenye giza, kila mmoja na tochi ndogo isiyomulika mbali. Kila hatua ina sauti yake, na kila ubao unaokanyagwa unalia kutoka upande wake. Baada ya kupofuka Tumpe aliirudia gemu ile, akagundua jambo: wenye macho huhangaika na tochi, yeye tochi haimhusu. Akicheza na wenzake wa chuo kwa mtandao alikuwa akiwashinda, ila si kila mara. Hedifoni zilimwonyesha kulia na kushoto vizuri, lakini mbele na nyuma vilimchanganyikia kichwani, na wengi waliomuua walitokea mgongoni.

Sebuleni kwao palikuwa na deki ya kuchezea muziki na filamu aliyoiacha marehemu baba yake, yenye sabufa na spika tano: tatu za mbele, na mbili za nyuma zilizotundikwa ukutani juu ya makochi. Tumpe akasema anataka kompyuta yake itolee sauti kwenye spika zile zote, ili anayemnyemelea kwa nyuma asikike kwa nyuma.

Siku hizo chama cha vijana kilikuwa kimetangaza mashindano ya gemu hiyo hiyo kwenye ukumbi wa mji. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Lugano, mstaafu, ambaye nimeimba naye kwaya moja miaka mingi. Tumpe akataka twende wote kwake. Nikamwambia njia ina utelezi, aniachie mimi, Lugano ni mtu wangu. Akanipa maneno ya kupeleka. Yalikuwa mawili tu. Kwamba anaandikisha jina kama mchezaji, na kwamba atakuja na spika zake, wamtengee chumba cha pembeni ili sauti isimsaidie mpinzani.

Niliyachukua. Lakini njiani niliona kama yana makali. Mtoto asiyeona anamwambia mzee "ninaandikisha", haombi. Nilipofika kwa Mwalimu nikayalainisha. Nikasema binti yetu anapenda sana michezo hii, na kama kamati ingeona vema, ingemfikiria kwa namna yoyote. Hizo spika sikuzitaja kabisa. Mwalimu alisikitika kweli, akawaita wenzake, wakakaa muda mfupi wakanipa jibu. Tumpe atakuwa mgeni wa heshima. Atakaa mbele, atavishwa kanga, na ukumbi mzima utasimama kumpigia makofi.

Nilirudi nimefurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi.

Nilimkuta sebuleni na Gwamaka, fundi wa redio na runinga, kijana anayesifika mji mzima kwa kazi yake. Alikuwa amekwisha kuunganisha. Kompyuta ilikuwa imeingia kwenye runinga, na runinga nayo imeingia kwenye deki. Picha ilikuwapo, na sauti ilitoka nzito hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Lakini Tumpe alikuwa amesimama katikati ya sebule, kichwa amekiinamisha, anasema spika za nyuma hazisemi.

Gwamaka akamweleza kwamba spika za nyuma mara nyingi ni mapambo, zimekaa muda mrefu, huenda zimekufa. Tumpe akasema santuri za filamu za baba zikiwekwa kwenye deki zinasema, alizisikia asubuhi ile. Gwamaka akaanza kuchoka. Akanigeukia mimi, si yeye, akasema, "Mzee, kwa mtu asiyeona, mbili zinatosha. Atazisikia tu."

Tumpe akamshukuru kwa kazi yake, mama yake akamlipa, fundi akaenda zake.

Mlango ulipofungwa, Tumpe alipiga magoti nyuma ya meza ya runinga. Nikawasha tochi ya simu kummulikia, na nikakaa hivyo dakika nzima kabla sijajiuliza namulika kwa ajili ya nani. Alishika waya wa kwanza kuanzia kwenye kompyuta, akaufuata kwa vidole hadi ulipoingia. Akashika wa pili, akaufuata pia. Kisha akacheka, ila si kwa furaha.

"Mjomba, kompyuta na deki vimekaa meza moja," akasema, "lakini vinazungumza kupitia kwa jirani. Runinga inapewa sauti tano, yenyewe inazijua mbili, basi inampa mwenzake mbili."

Akauchomoa waya wa kompyuta kwenye runinga, akapapasa nyuma ya deki hadi akapata tundu la kuingizia, akauchomeka hapo. Waya wa pili akautoa kwenye deki akautupa kando, kisha akachukua mwingine, akautoa kwenye deki kwenda kwenye runinga, kwa ajili ya picha. Alisema picha ni yetu sisi. Halafu akakaa kwenye kompyuta, ambayo ina programu inayomsomea kilichoandikwa kwenye kioo, akaingia kwenye mipangilio ya sauti. Mwanzo, alisema, kompyuta ilikuwa ikimpa chaguo la spika mbili peke yake. Sasa ilimtajia tano na sabufa. Akazichagua, akabonyeza kujaribu.

Ikalia ya mbele kushoto. Ikalia ya kati, kisha ya kulia. Halafu, juu ya kichwa changu, kwenye spika aliyosema fundi kwamba imekufa, ikatoka sauti kali iliyonifanya nigeuke. Dada yangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Tumpe alikuwa amekaa, machozi yanamtoka na hayafuti.

Nikaona huo ndio wakati mzuri wa kumpa habari zangu njema. Nikamwambia habari za kiti cha mbele, za kanga na za makofi.

Aligeuza kiti. "Mjomba, uliwaambia nini?"

Nikamwambia niliwafikishia ombi lake.

"Sikukupa ombi. Nilikupa maneno mawili. Yaseme kama ulivyoyasema kule."

Nikayasema. Nilipokuwa nayatoa kinywani nilisikia mwenyewe yalivyo mepesi. Tumpe alisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti.

"Umeona," akasema. "Sauti ipitayo kwa jirani hufika nusu."

Dada yangu akataka kumtuliza, akamkumbusha kwamba mimi ni mjomba wake. Tumpe akasema anajua, na ananipenda, lakini hilo halibadilishi kilichofika kwa Mwalimu. Akavaa koti la mvua, akachukua fimbo yake. Nikamuuliza kama nimshike mkono. Akasema nitembee naye nikitaka, ila nikifika nisiseme.

Tulimkuta Mwalimu Lugano na wanakamati wawili barazani, wanakunywa chai. Mwalimu akaniamkia mimi kwanza, akaniuliza binti amelipokeaje jibu. Nikafunga mdomo. Wakamgeukia Tumpe.

"Shikamoo, Mwalimu," Tumpe akasema. "Sikuja kwa ajili ya kiti cha mbele. Nimekuja kuandikisha jina."

Mwalimu akaanza kwa upole. Akasema kamati inamjali, haitaki aaibike mbele ya watu. Je, akianguka raundi ya kwanza?

"Nianguke kama wenzangu watakavyoanguka. Wao mliwauliza hivyo?"

Mmoja wa wanakamati akasema itabidi kwanza apimwe kama anaweza. Tumpe akauliza ni wangapi kati ya walioandikishwa waliopimwa. Akaeleza habari za spika na chumba cha pembeni, polepole, neno kwa neno, bila kubembeleza hata pale nilipokuwa nimebembeleza mimi kwa niaba yake. Mwalimu akaweka kikombe chini. Kisha akaleta daftari, akaandika.

Siku ya mashindano tulibeba kompyuta, deki na spika zote tano kwa bajaji. Yeye mwenyewe alizipanga kwenye stoo ya ukumbi, akikaa kwenye kiti, anainuka kusogeza moja, anakaa tena. Raundi ya kwanza alimmaliza mpinzani wake mapema hata watu walikuwa bado wanaingia. Ya pili alikutana na bingwa wa mwaka uliotangulia. Kwenye kioo kikubwa cha ukumbini tulimwona bingwa yule akimnyatia kwa nyuma ubao kwa ubao, ukumbi mzima umezuia pumzi, na Tumpe akageuka na kumpiga kabla tochi yake haijafika.

Raundi ya tatu alipangiwa Lwitiko, kijana wa Kiwira. Lwitiko alikuwa amekaa anamtazama tangu asubuhi. Akaingia kwenye jumba, akasimama kwenye kona, na hakupiga hata hatua moja. Dakika zilipita. Tumpe alisikiliza, akasikiliza, mwisho akaenda kumtafuta. Asiyetembea hasikiki. Akauawa.

Alitoka stoo anacheka, akaomba aonyeshwe alipo Lwitiko, akampa mkono.

Wakati wa kufunga, Mwalimu Lugano alisimama na bahasha na ile kanga. Akatangaza kwamba kamati imeamua kumpa Tumpe tuzo maalumu ya ujasiri. Watu wakasimama, makofi yakaanza. Tumpe akaomba kipaza sauti.

"Mwalimu, waliotoka raundi ya tatu wamepewa nini?"

Mwalimu akasema hawakupewa kitu.

"Basi na mimi nipeni hicho hicho. Mwakani nitakuja tena."

Makofi yakakatika. Wengine walinung'unika, wakaona ni majivuno. Mimi nilikuwa nimeshainuka nusu, niwaeleze kwamba binti anashukuru, ila hakumaanisha hivyo. Nikakumbuka kwamba alimaanisha hivyo hivyo. Nikakaa.

Lwitiko ndiye aliyeanza kupiga makofi upya, kisha vijana wa nyuma, na safari hii yalikuwa makofi ya namna nyingine.

Basi mjue hivyo. Na ninyi vijana, najua hamkunifuata mpaka hapa kwa hadithi tu. Mnataka niende kwa diwani nikawasemee habari za uwanja wenu wa mpira. Diwani namfahamu, ni kweli, na maneno yenu mazuri. Lakini ofisi yake ipo pale pale mnapopita kila siku, na midomo mnayo. Nendeni wenyewe. Sauti ipitayo kwa jirani hufika nusu.