Kaure za Bi Somoe

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mjane akiitwa Bi Somoe. Wewe unayepiga miayo, kaa vizuri, maana mwisho nitakuuliza.

Sebuleni mwa Bi Somoe ukuta mzima ulikuwa vidaka, vile vishubaka vya chokaa vya kuwekea vyombo. Vidaka ishirini, na katika kila kidaka sahani ya kaure yenye maua ya buluu. Katika mji ule, mgeni hakai kabla hajavihesabu. Kidaka kitupu ni aibu. Watu watasema nyumba hiyo imeishiwa. Wala sahani zile hazikutumiwa kwa chakula, hata siku ya Idi.

Bi Somoe alikuwa na watoto watatu: Mwanamkuu, binti mkubwa, mshona kofia; Nuru, binti wa kati, muuza mahamri; na Shekuwe, mwanamume, kitindamimba. Siku moja akaapa mbele ya majirani: "Atakayenihifadhia vyombo vyangu, nyumba hii nitampa hiba. Mmoja tu. Nyumba ya kugawana ni nyumba ya kuuzwa."

Wakati huo kaure ilikuwa na soko. Mchuuzi wa vitu vya kale alimjia kila mwaka, akiwanunulia matajiri wa ng'ambo. Sahani moja, bei yake ng'ombe wa maziwa. "Niuzie, bibi," akamwambia. Bi Somoe akacheka: "Kaure haiozi. Itapanda."

Mchwa hawakungoja bei. Mchana mmoja boriti ya dari ikakatika, chokaa ikaporomoka, na Mwanamkuu, badala ya kukimbilia mlangoni, akakimbilia ukutani. Akavikinga vyombo kwa mwili wake. Hakuna sahani iliyopata ufa. Lakini mkono wake wa kulia ulivunjika, ukaunga vibaya, vidole havikukunjika tena. Kofia hakushona tena.

Nusu ya dari ikabaki inaning'inia. Nuru akamsihi mama yake auze sahani chache wanunue boriti. "Kaure haiozi. Itapanda." Basi Nuru, ambaye ndiye aliyepanda ngazi kufuta vumbi vidaka vya juu, akashusha sahani saba, moja leo, moja kesho, akazificha kapuni chini ya mahamri, akamuuzia mchuuzi. Mahali pake akapanga sahani za dukani, za maua ya buluu vilevile. Kwa macho ya mama mzee aliye chini, nani angejua? Boriti mpya zikaja, dari ikasimama.

"Umepata wapi, mwanangu?"

"Mahamri yamenitokea, mama."

Mama akamwombea dua hadi akalia. Nuru akaitikia amina.

Mwaka uliofuata, sahani moja ikawa mbuzi. Shekuwe akasema, "Mama, uza leo. Huko ng'ambo wazee waliovipenda wanakufa, na watoto wao hawataki chombo cha kutazama. Kila nyumba inatoa, hakuna anayepokea." Mama akahamaki: "Unanitabiria ufukara? Toka! Usinikanyagie kizingiti changu!" Shekuwe akatoka.

Mwaka uliofuata, jogoo. Mwaka uliofuata, kibaba cha mchele. Bi Somoe hakutulia tena. Anakaa, anainuka. Anatuma mtu sokoni kuuliza bei. Huyo hajarudi, anatuma mwingine. Anaishika sahani, anairudisha, anaishika tena. Nilimwonea huruma, jamani, na nilimkasirikia pia.

Ndipo siku moja Shekuwe akaziona sahani saba sakafuni dukani kwa mchuuzi, alizoziweka akingoja bei ipande, zikakosa wa kuzitaka. Akazigeuza. Chini zilikuwa na chokaa ya ukuta wao. Akatoa vibaba saba vya mchele, chakula cha watoto wake, akazibeba, akavuka kizingiti alichokatazwa. Yote yakafichuka hapo hapo.

Bi Somoe aliwasikiliza, akaamuru zile za dukani zishushwe na saba zirudishwe mahali pake, akautazama ukuta. Ishirini kamili. Akatoa ufunguo wa nyumba. "Niliapa, na majirani ni mashahidi. Semeni. Nani alinihifadhia?"

Mwanamkuu akasema: "Ni mimi. Siku ya boriti ningekimbia, leo usingekuwa na cha kuhesabu. Nuru aliiba amana. Shekuwe alitoa mchele. Mimi nilitoa mkono, na mkono hauna soko la kuununua tena."

Nuru akasema: "Ni mimi. Dada alikinga siku moja. Dari niliyoiweka imekinga kila siku. Niliiba, ndiyo, na nilikudanganya. Lakini niliuza kaure ikiwa ng'ombe, na imerudi ikiwa mchele. Nisingeiba, hivyo vyombo vingekuwa vigae, na wewe mama chini yake."

Shekuwe akasema: "Ni mimi. Dada zangu wamelala hapa kwako miaka yote. Mimi nilifukuzwa kwa kusema kweli. Sikuwa na deni na ukuta huu. Ningezipita zile saba, nani angenilaumu? Na bila hizo, mama, leo ungehesabu kumi na tatu."

Bi Somoe akainuka, akakaa, akainuka.

Haya, msinitazame hivyo. Msiniambie wagawane, aliapa mmoja. Msiniambie kosa ni la mama. Hilo analijua, ndilo linalomnyima raha. Akimpa Mwanamkuu, ameulipa mkono na kuisahau dari. Akimpa Nuru, amembariki mwizi. Akimpa Shekuwe, binti asiyeweza kushika sindano atalala wapi? Ufunguo uko mkononi mwake, watoto watatu wanamtazama, na wawili kati yao wataondoka wakiamini mama hakuwapenda.

Je, nani alistahili?