Moto Uliobaki kwa Athumani

Tanuri halipoi na mkate wa mwisho. Mmeyasikia maneno hayo sokoni leo, mkacheka, mkadhani ni habari za mikate. Haya, kaeni niwaambie yalikotoka, maana kusema methali usiyojua chimbuko lake ni kuvaa kanzu ya kuazima.

Methali hii ilizaliwa Kondoa, mwaka wa masika makubwa, nyumbani kwa Athumani mwokaji na mkewe, Bi Mwamvua. Tanuri lao la udongo lilikuwa nyuma ya nyumba. Mke alikanda, mume akaoka, na mtaa mzima ulinywea chai mkate wao.

Mvua zilipozidi, mto uliingia nyumba za bondeni. Watu walisalimika, ila majiko yalibomoka na kuni zikalowa. Tajiri mmoja mwenye malori akaja akagawa mchele, akapigiwa vigelegele. Athumani aliingiwa na huruma, na huruma yake ilikuwa ya kweli. Lakini Bi Mwamvua, aliyemjua mumewe kuliko mume alivyojijua, aliona humo ndani na vile vigelegele vikimwita.

“Na sisi tutoe,” Athumani alisema. “Tuchinje ng'ombe.”

“Kwa fedha zipi, Baba Nasra?”

“Kwa zile za kununulia unga. Mungu atafungua.”

Akachinja. Pilau ikaliwa, dua ikasomwa, jina lake likatajwa mpaka mtaa wa pili. Juma lililofuata hapakuwa na unga. Tanuri likalala baridi, watu wakanywa chai kavu, na vijana waliokuwa wakichuuza mikate wakashinda vibarazani. Bi Mwamvua hakumlaumu mumewe, ila aliingiwa na hofu. Kazi ikifa, wanawe watakula nini? Na wa bondeni je, waliokwisha kuisahau ile pilau?

Akashuka bondeni kumjulia hali Mama Chausiku, mjane, mteja wake wa siku nyingi. Alimkuta na bakuli la maharage aliyoyaloweka. Yalikuwa yamekaa majini mpaka yameanza kuchipua.

“Pilau yenu ilikuwa tamu, mwenzangu, Mungu awazidishie,” alisema Mama Chausiku. “Ila tumbo halina kumbukumbu.”

“Basi tukuletee nini?”

“Chakula ninacho, si unakiona? Ninachokosa ni moto. Kuni hazishiki.” Akaona haya, kisha akauliza, “Hivi mkishatoa mikate, moto unaobaki mle tanurini mnaufanyia nini?”

“Hatuufanyii kitu. Unapoa wenyewe.”

“Ungetuivishia vyungu vyetu. Mngetuuliza, tungewaambia.”

Bi Mwamvua aliona aibu. Tangu aolewe, kila siku alikuwa akiuacha moto ule upotee, wala hakuwahi kufikiri kwamba ni mali.

Athumani alipoambiwa, aligoma. “Nimewalisha ng'ombe, leo niwape joto lililobaki? Watanicheka.”

“Wakucheke wameshiba,” alijibu mkewe. “Ule ulikuwa utoaji wa mwenye malori, ukatuvunja mgongo. Huu ni wetu, tutauweza leo na kesho. Ila kwanza tuoke, Baba Nasra. Tusipooka, moto wenyewe tutautoa wapi?”

Mume alivaa kofia yake, akaenda kumwomba mwenye mashine ya kusaga amwamini kwa unga. Najua ilimuuma, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujiona. Lakini alikwenda.

Tanuri likawashwa. Mikate ilipotoka, vyungu vya bondeni vikaingia, mifuniko imezibwa kwa mabaki ya donge la mkate, na mdomo wa tanuri ukafungwa kwa bati. Alasiri vilitolewa maharage yameiva yakalainika. Ikawa hivyo masika yote. Aliyeleta chungu alinunua mkate akiwa na uwezo, na asiyekuwa nao hakuulizwa. Unga wa mkopo ukalipwa, wachuuzi wakarudi barabarani.

Siku moja mzee mmoja alipanda kutoka bondeni na kijisufuria cha viazi vikuu. Alipofika uani akaona makapu ya mikate yamebaki matupu, akageuka.

“Mzee wangu, mbona warudi?” Athumani alimwita.

“Nimeona mmekwisha kuoka, mwanangu. Nimechelewa.”

Athumani alimfuata, akakipokea kile kijisufuria kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Hapakuwa na mtu wa kumpigia vigelegele, wala hakutazama kama yupo.

“Lete, baba,” alisema. “Tanuri halipoi na mkate wa mwisho.”